Nyumba Isiyo na Bega

Bi Namsemba aliingia chumbani kwa Daktari Tatu Njiku akitembea kwa miguu yake mwenyewe, na hilo ndilo lililomuudhi daktari kuliko yote. Mguu ule haukuwa wa kutembelea. Unyayo wa kulia ulikuwa umegeukia nje, kifundo kimelalia ndani, na kila hatua mama yule aliikanyaga kwa ukingo wa mguu huku akitabasamu na kugawa salamu kushoto na kulia kama aliyealikwa harusini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenikunjia uso? Sijakuvunjia chungu."

"Umeshuka mlima mzima na mguu huo?"

"Nimeshuka taratibu."

Nyuma yake alikuja binti yake, Nakiete, amebeba kikapu cha tangawizi na uso wa mtu aliyegombana njia nzima. Alikuwa mtoto wa pekee, fundi wa mitambo katika kiwanda cha kukaushia tangawizi kule bondeni. Alikuwa amepanda nyumbani likizo, akamkuta mama yake anashuka ngazi za kibaraza kwa makalio, huku akiimba ili asionekane anaumwa. Kesho yake walikuwa hospitalini.

Daktari Tatu aliuweka mguu chini ya kioo. Mara mifupa ikasimama hewani juu ya kitanda, mikubwa na myeupe, ikizunguka polepole ili kila mtu aione. Bi Namsemba aliitazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za watoto wa jirani.

"Kifundo ni kama chumba," daktari alieleza, akionyesha kwa kidole. "Mfupa huu mkubwa wa muundi ni dari na ukuta wa ndani. Huu mwembamba wa pembeni ni ukuta wa nje. Katikati anakaa huyu mdogo, ndiye anayekubeba. Sasa wewe ukuta wa nje ulivunjika, ukaungana hivyo hivyo ukiwa mfupi na umepinda. Huyu wa katikati akapata mwanya, akatoka mahali pake. Ulivunjika lini?"

"Masika ya mwaka juzi. Utelezi."

"Na nani alikwambia ni teguko?"

"Nilijiambia mwenyewe. Nikajikanda kwa maji ya chumvi, nikafunga kitambaa, nikaendelea na palizi."

Nakiete alipiga ulimi. "Kwenye simu aliniambia ana mafua."

Daktari aliikuza picha hadi ukaonekana utando mwembamba unaofunika ncha za mifupa, laini, wenye rangi ya buluu iliyofifia. Akashusha pumzi. Lile lilikuwa gegedu, na gegedu lilikuwa bado hai. Limechakaa upande mmoja, lakini hai.

"Mama, nisikilize vizuri. Nikiuvunja mfupa huu tena pale pale ulipovunjika, nikaurefusha na kumrudisha huyu wa katikati nyumbani kwake, utatembea. Tukingoja masika mengine, utando huu utakuwa umekwisha. Hapo nitakachoweza ni kuiunganisha mifupa yote iwe mmoja. Maumivu yatapungua, lakini kifundo hakitakunja tena maisha yako yote."

Bi Namsemba alifikiri. "Nyumba yangu iko mteremkoni," alisema. "Shamba langu liko mteremkoni. Hata choo changu kiko mteremkoni."

"Ndiyo maana nakwambia."

"Basi kivunje."

Angekuwa mgonjwa mwingine, daktari angefurahi. Lakini alikuwa ameshaona kipimo cha moyo pembeni mwa kioo, na alijua kuwa sehemu ngumu ya mazungumzo haijaanza.

* * *

Mifupa ya wazee haishiki skrubu. Hilo ndilo lililowasumbua madaktari miaka mingi, hadi ilipopatikana chokaa hai. Chokaa hai humiminwa penye ufa ikiwa laini kama uji, kisha hujijenga yenyewe kuwa mfupa siku hiyo hiyo, mgonjwa akiwa bado mezani. Ila ina tabia moja: hufuata maumivu. Panapouma hujenga, panapoacha kuuma husimama. Na haitoshi mshipa wa fahamu kulia peke yake. Lazima kilio kifike kwenye kichwa cha mtu aliye macho, na majibu yarudi. Ukimlaza mgonjwa usingizi au ukamtia ganzi, chokaa hupofuka. Wagonjwa wa kwanza waliofanyiwa hivyo waliamka na vifundo vyenye vinundu na matawi, kama mizizi ya tangawizi.

Kwa hiyo ilibidi mtu aumie. Mwenye moyo imara aliumia mwenyewe, akalia, akamaliza. Asiyeweza alivishwa mkanda kiunoni, na mtu mwingine akavishwa wa pili, na maumivu yakapita kutoka mkanda hadi mkanda. Mvaaji wa pili aliitwa mchukuzi. Kifundo chake kilibaki kizima, hakuvimba wala hakutoka damu, lakini kila pigo la patasi alilisikia yeye. Taratibu zilitaka mchukuzi awe ndugu wa damu, na wote wawili wakubali kwa midomo yao.

Moyo wa Bi Namsemba haukuwa imara. Ungestahimili maumivu kidogo, kwa muda mfupi. Kwa kazi nzima ungezima njiani.

"Nivishe mimi," alisema Nakiete hata kabla daktari hajamaliza.

"Hapana," alisema mama yake.

"Mama, mimi ni mzima, nina nguvu..."

"Uchungu wa kukuzaa niliumaliza wote mwenyewe, sikukubakizia hata chembe. Leo nikuongezee wa kifundo?" Bi Namsemba alianza kuvaa kiatu chake, kile kilichoisha upande mmoja. "Daktari, asante sana. Tangawizi hiyo ni yako. Usiimenye, ioshe tu, uiponde na maganda yake."

Ilichukua maneno mengi kumfanya akubali kulala hospitalini angalau hadi kesho.

* * *

Nakiete alimfuata daktari hadi kwenye ujia, karibu na birika la maji ya kunywa. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ya mtu aliyeshapanga.

"Dada daktari, mdanganye."

"Nini?"

"Mwambie imeletwa ganzi mpya. Mimi niweke chumba cha pili, nivishe mkanda, funga mlango. Nitauma kitambaa, hatasikia kitu. Akiinuka mezani mguu umenyooka, ataniombea dua na atakuombea na wewe."

"Nakiete..."

"Nani ataumia hapo? Mimi nimetaka mwenyewe. Yeye hatajua kamwe. Nionyeshe ubaya wake uko wapi."

Daktari Tatu hakuuona ubaya wake mara moja, na hilo lilimtisha. Alijua kwamba jambo hilo hufanyika. Madaktari wenzake walilinong'ona wakati wa chai, wakitazama pembeni. Idhini zote mbili zilipitia mkononi mwake, na hakuna ambaye angekuja kuuliza. Upande mmoja kulikuwa na mguu uliopona, upande wa pili kulikuwa na ukweli, na mama mmoja anayeshuka ngazi kwa makalio.

"Nipe muda nifikiri," alisema.

Tuseme kweli, alikuwa ameshafikiri. Nusu ya moyo wake ilikuwa imekubali. Alikwenda kumwona Bi Namsemba kwa sababu moja tu: alitaka kumtazama machoni kabla ya kumdanganya, ajue kama ataweza.

* * *

Alimkuta barazani, amekaa kwenye kiti cha mbao, mguu mbovu ameuweka juu ya kigoda. Mbele yao milima ya Upare ilikuwa imepotea nusu nzima ndani ya ukungu. Kwenye uwanja wa hospitali, vile vyombo vidogo vya kuruka ambavyo watu huviita vipepeo vilikuwa vimetulia, mabawa yamekunjwa. Haviruki kwenye ukungu. Ndiyo maana kule juu, pamoja na maendeleo yote haya, watu bado walikuwa na machela.

"Masika yale," daktari alianza, akivuta kiti, "vipepeo havikuweza kupanda. Hilo naelewa. Lakini kwenu kuna machela. Wagonjwa wangapi nimeletewa hapa kwa machela, hata usiku wa mvua? Kwa nini hukuita?"

Bi Namsemba alinyoosha khanga yake magotini, akainyoosha tena.

"Nyumba yangu haina bega," alisema.

"Sijakuelewa, mama."

"Wewe si wa huku, huwezi kujua. Machela hubebwa na wanaume. Mgonjwa akipatikana, kila nyumba hutoa bega. Mume, au mtoto wa kiume, au mkwe. Hakuna anayelazimishwa. Lakini wewe usiyetoa bega, siku yako ikifika utaita kwa mdomo gani?" Alisema bila uchungu, kama anayeeleza jinsi ya kupika. "Baba Nakiete alifariki mtoto akiwa mchanga. Mtoto mwenyewe wa kike. Watu wamebebwa mbele ya mlango wangu miaka yote hiyo, na nyumba yangu haijawahi kutoa bega hata siku moja. Niliporudi kutoka shambani siku ile, natambaa, nilisikia sauti zao ng'ambo ya bonde. Wanaume tupu, wanapalilia pamoja. Ningepiga kelele moja tu wangenisikia."

"Na hukupiga."

"Ningepigaje?"

Akilini Daktari Tatu alimwona mama yule akitambaa kwenye matope, amefunga mdomo wake ili asiwasumbue watu aliodhani hana haki nao, na alitamani kulia na kumgombeza kwa wakati mmoja.

Na hapo hapo ubaya aliokuwa ameutafuta kule kwenye ujia akauona. Mwanamke huyu alikuwa ameuacha mguu wake uharibike kuliko kupokea kitu ambacho, kwa hesabu yake, si chake. Hesabu ilikuwa na kosa, lakini ilikuwa yake, na aliilipia kwa mfupa wake. Kumbebesha mtoto wake mzigo ule kwa siri kungekuwa kumwibia. Hapana, daktari alijiambia, sitaweza. Akasikia wepesi fulani, kisha mara moja hofu: sasa atafanya nini?

Alikaa akiutazama ukungu. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayejiuliza mwenyewe, "Mama, machela hubebwa na watu wale wale toka juu hadi chini?"

"Wale wale? Si watakufa! Hupokezana. Mtu hubeba mpaka achoke kidogo. Hangojwi mpaka aanguke."

"Na wakipokezana, huiweka chini?"

"Haiwekwi chini, mgonjwa atatikisika. Anayeingia huweka bega lake kwanza chini ya mti wa machela, na anayetoka ndipo hutoa lake. Kwa muda kidogo mabega yanakuwa mawili." Bi Namsemba alimgeukia. "Mbona unauliza kama unataka kuolewa huku?"

Daktari alicheka, kwa mara ya kwanza siku ile. Mkanda wa mgonjwa ulikuwa na mlango mmoja wa kutokea maumivu. Lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba mlango hauwezi kufunguliwa kwa mtu mwingine kabla haujafungwa kwa wa kwanza. Ni kwamba hakuna aliyewahi kuhitaji.

"Mama, niruhusu nikawaulize watu wa kwenu kitu kimoja. Bila ruhusa yako sitafungua mdomo."

Aliposikia ni kitu gani, Bi Namsemba alitikisa kichwa kwa huruma, kama anayemsikiliza mtoto akisema atajenga ghorofa.

"Waulize," alisema. "Watasema pole, ni watu wa adabu. Halafu watarudi kupalilia."

* * *

Walifika kabla jua halijapata nguvu. Kelele zao zilitangulia getini, na mlinzi alikuwa akibishana nao kwa sababu walikuja na machela. Ilikuwa tupu: miti miwili mirefu iliyong'aa kwa mikono ya watu, na blanketi zito limeshonewa katikati. Waliibeba mabegani vile vile, na nyuma yao wakaja wanawake, wengi kuliko wanaume.

Mzee Senzige, aliyekuwa kiongozi wa machela tangu nywele zake zikiwa nyeusi, aliingia wodini bila kuvua kofia.

"Namsemba, umetutukana."

"Shemeji, karibu ukae."

"Sikai! Umetutukana. Mguu unavunjika, sisi tuko ng'ambo pale, unatambaa kama mjusi! Kwa nini?"

Bi Namsemba aliinama. Alilitoa neno lile tena, polepole, kwamba nyumba yake haina bega, na safari hii mbele ya watu wake lilitoka na machozi. Nakiete, aliyekuwa amesimama dirishani, alikuwa hajawahi kulisikia. Aliweka mkono mdomoni.

Senzige alivua kofia. Akaketi.

"Machela hupumzika wapi ikishuka?" aliuliza, sasa kwa upole. "Si kibarazani kwako? Mimi huwa naanza kusikia harufu ya chai yako ya tangawizi toka kule kwenye kona, na miguu inapata akili. Mdogo wangu alipobebwa akiumwa lile tumbo, nani alimfuta uso pale?"

"Ile ni chai tu, shemeji."

"Na langu ni bega tu." Alikuna kichwa. "Kosa ni letu pia. Tulikuona unachechemea, tukasema uzee. Hakuna aliyekuja kuuliza."

"Na mimi nina jambo," alisema Mama Elineema, jirani waliyepakana naye mashamba, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya mlima. "Maisha yangu yote nimeitazama machela ikipita, nimekatazwa hata kuugusa mti wake. Daktari, mkanda wako unajua suruali na gauni?"

"Haujui, mama."

"Basi leo na mimi nabeba. Namsemba, usinikoseshe."

Watu walicheka, na Bi Namsemba akacheka ndani ya machozi yake, na daktari akajua kwamba mlango umefunguka. Bi Namsemba alitoa sharti moja tu: Nakiete asivishwe.

Nakiete akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, sitaki kubeba yote tena. Nipe zamu moja. Kama jirani yeyote."

Bi Namsemba alimtazama sana mtoto wake. Akampangusa shavu kwa kona ya khanga.

"Moja," alisema. "Kama jirani yeyote. Na uwe wa mwisho."

Daktari Tatu aliandika jina lake chini ya kibali ambacho hakikuwa na nafasi ya majina mengi namna ile, wala ya wasio ndugu wa damu, akijua ataitwa kujieleza. Alikuwa tayari kujieleza.

* * *

Ndani ya chumba cha upasuaji mikono sita ya chuma ilining'inia juu ya meza, na daktari akaiongoza kwa vidole vyake, kila kidole amekivika pete. Bi Namsemba alilala macho wazi. Hakuuona mguu wake kwa sababu ya pazia, lakini upande wa kushoto aliwaona wachukuzi kwenye benchi, na kiti kimoja mbele yao.

Senzige ndiye aliyeanza. Aliketi, akavuta mkanda, akawaambia wenzake kwamba yeye amebeba watu wazima kwenye tope, itakuwa kifundo cha shemeji?

Patasi ikagusa mfupa wa kale.

"Yesu wangu na mama yangu!" alipiga kelele Senzige, akaruka na kiti chake.

"Pole, shemeji!" Bi Namsemba aliita toka mezani. "Pole sana! Mpokeeni mwenzenu jamani!"

"Niacheni!" alisema Senzige kwa meno yaliyobana, jasho likimtiririka. "Sijachoka kidogo. Endelea, daktari."

Ufa wa zamani ulifunguka pale pale ulipokuwa. Daktari akakwangua makovu yaliyojaa kwenye chumba cha kifundo, akauvuta mfupa mwembamba taratibu hadi ukafikia urefu wake. Alipoona mapigo ya Senzige yamepanda, alisema, "Bega," na aliyefuata akafunga mkanda wake. Kwa muda mfupi wakashikana mikono, wote wawili wakiwa wamekunja nyuso. Kisha Senzige akafungua wake, akabaki anahema, akishangaa kuona kifundo chake mwenyewe kizima. Alikwenda kuketi ukutani, akafuta macho bila kumficha mtu.

Hivyo ndivyo walivyokwenda. Mmoja aliimba. Mwingine alitaja majina ya ng'ombe wake wote, waliokufa na walio hai. Kwa kila mmoja Bi Namsemba alitoa pole yake, kwa jina, kama anayepokea wageni mlangoni. Kifupa cha katikati kikateleza kikarudi chini ya muundi, na ilipomiminwa chokaa, daktari akaiona kwenye kioo ikianza kutambaa kuelekea panapouma, uzi kwa uzi, imenyooka.

Zamu ya Mama Elineema ilikuwa ndefu kuliko zote. Hakutoa sauti yoyote, yeye mwenye sauti kubwa. Machozi tu yalimwagika. Lakini alipopokelewa, pindo la khanga yake lilikuwa limenasa kwenye kifungo. Aliyekuwa anaingia hakuwa amefunga bado. Mkanda wa Mama Elineema ukafyatuka. Mabega yote mawili yakawa nje.

Sauti ya Bi Namsemba ilikatika katikati ya neno pole. Mstari wa moyo wake ukayumba, kengele ikalia.

Kabla daktari hajageuka, mtu mmoja alikuwa ameruka toka mwisho wa benchi, akaunyakua mkanda na kujifunga. Kengele ikanyamaza. Chumba kizima kilisikia pumzi ikivutwa kwa nguvu na kuzuiliwa.

Bi Namsemba alifumba macho. "Huyo ni Nakiete," alisema taratibu. "Toka mchanga, hubana pumzi kwanza kabla hajalia. Lia, mwanangu. Usiibane, lia."

Na Nakiete akalia. Alilia kwa sauti kama mtoto, kichwa ameegemeza ukutani, na mama yake, asiyesikia maumivu yoyote, akalia naye hadi mwenzao alipoingia vizuri, mabega mawili kwa muda, kisha moja.

Mwishoni palibaki ufa mwembamba tu, wa kufungwa kwa chokaa ya mwisho. Daktari aliutazama moyo wa mgonjwa, ulikuwa umetulia.

"Na mimi nipewe zamu," alisema Bi Namsemba. "Fupi. Mguu ni wangu."

Daktari Tatu alifikiri, akaangalia kioo tena, kisha akaufunga mlango wa mkanda. Bi Namsemba alishtuka, akakaza taya. Benchi zima, kila aliyekuwa na pumzi, likasema pamoja, "Pole, mama." Chokaa ikafuata, ikaziba ufa, ikasimama.

Wakamrudisha mlimani kwa machela, ingawa ukungu ulikuwa umeondoka na vipepeo vilikuwa vinaruka.

* * *

Vuli ilipokwisha, aliletwa hospitalini kijana mmoja wa machimbo ya mawe, kifundo kimeungana vibaya, moyo dhaifu, hana ndugu wa kumfuata. Mezani kwa Daktari Tatu kulikuwa na barua mbili za kumtaka ajieleze na moja ya kumtaka awafundishe wengine. Zote zilikuwa zinangoja majibu. Alituma ujumbe mlimani bila matumaini makubwa. Kijana yule hakuwa wa kule, na hakuna aliyemjua.

Asubuhi alikuta benchi limejaa. Senzige alikuwepo, na Mama Elineema, safari hii bila khanga. Na mwanzoni mwa benchi, mguu wa kulia ameukanyaga sawasawa sakafuni, aliketi Bi Namsemba.

"Umeshuka mlima mzima na mguu huo?" daktari aliuliza.

"Nimeshuka haraka."

"Mama, moyo wako..."

"Ulishanipa zamu fupi, sikufa. Nipe nyingine kama ile." Alisogea karibu, akashusha sauti ili wengine wasisikie. "Mwanangu, nimengoja sana."

Daktari alimpima moyo, akampima tena. Kisha akachagua sehemu ndogo kuliko zote katika kazi ile, akamvisha mkanda yeye mwenyewe, na kijana aliyelala mezani, asiyemjua, akageuza kichwa kumtazama.

Bi Namsemba aliketi kwenye kiti. Aliinamisha bega la kulia kidogo, kama alivyowaona wanaume wakifanya kibarazani kwake miaka yote ile.

"Leteni," alisema.